Dawa yaondoka Hima, maumivu yabaki Bwera

Katika soko la mpakani la Mpondwe, jirani kabisa na Bwera, mizigo mingi bado huvuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, ikiwa mgongoni au kichwani mwa mwanamke. Miaka ya kubeba mizigo na kulima miteremko ya Rwenzori huacha alama magotini, kiunoni na vidoleni. Anayeumwa baridi yabisi hununua diklofenaki dukani bila cheti cha daktari, au chupa ya mitishamba isiyo na lebo. Diklofenaki ikimezwa kwa miaka huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Kilichomo ndani ya chupa anakijua aliyeichanganya peke yake.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Kasese, huko Hima, mji uliozoeleka kwa saruji, kampuni ya Industrial Hemp (U) Ltd ikishirikiana na Together Pharma ya Israeli ilipewa nafasi ya kulima bangi ya dawa. Soko lililolengwa liko ng'ambo. Mkulima mdogo wa Bwera akikutwa na mmea huo huo nyuma ya nyumba yake, safari yake ni ya polisi.

Hapa ndipo penye kasoro. Uganda imekubali kwamba mmea huu unaweza kuwa dawa, lakini imeukubali kama bidhaa ya kuuza nje kuliko kama swali la afya ya watu wake. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Wabunge walitunga nyingine mwaka huo huo, wakaendelea kuruhusu kilimo cha kitabibu kwa leseni. Mgonjwa wa Bwera hakuwa kiini cha mjadala huo.

Haki inadai ukweli pia kuhusu dawa yenyewe. Mwaka 2006, Uingereza ilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 58 wa baridi yabisi, ambamo baadhi yao walipewa dawa ya kupuliza mdomoni iliyotokana na bangi. Maumivu yao wakati wa kujongea yalipungua kuliko ya wale waliopewa dawa bandia. Hata hivyo jaribio lilikuwa dogo na la wiki chache. Mwaka 2019 taasisi ya NICE ya nchi hiyo hiyo iliwaelekeza madaktari wasiwape watu wazima kanabidioli kwa maumivu sugu, isipokuwa ndani ya majaribio ya kitabibu. Kwa hiyo anayetangaza kwamba bangi inaponya viungo anadanganya, na anayesema hakuna cha kuchunguza anadanganya vilevile.

Wapo wanaohofia kwamba kufungua mlango huu ni kuwakaribisha vijana kwenye ulevi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwani bangi huharibu akili za baadhi ya vijana. Lakini Uganda imewahi kupita njia ngumu zaidi. Mofini hutokana na mmea na hulewesha kuliko bangi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba mofini ya maji inaweza kumfikia mgonjwa wa saratani hadi kijijini. Mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kuiandika. Usimamizi makini uliwezekana.

Tatizo halikomei Kasese. Rwanda iliweka kanuni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2021. Kenya na Tanzania bado zinamkamata mkulima. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na pale Mpondwe mgonjwa na chupa yake huvuka sheria mbili kwa hatua chache. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Dawa za mimea zinastahili uzito huo huo: viwango vya pamoja vya upimaji, lebo inayosomeka pande zote mbili, na chupa iliyokaguliwa Kampala itambulike Beni.

Leseni ya kulima nayo iwe na sharti. Kampuni inayovuna Uganda ichangie utafiti unaofanywa na vyuo na hospitali za Uganda, kwa wagonjwa wa Uganda, matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya kwa biashara. Ikithibitika kuwa dawa inafaa, sehemu ya mazao ibaki nchini kwa bei ambayo mbeba mizigo wa Mpondwe anaimudu. Ikithibitika kuwa haifai, naye aambiwe hivyo waziwazi, aache kupoteza fedha zake. Vinginevyo Kasese itabaki kutoa udongo, maji na vibarua, huku dawa ikisafiri na magoti ya Bwera yakiendelea kuuma.