Hesabu za Binti Yetu wa Tororo

Anayefika Busia mara ya kwanza hushangaa kutuona sisi wenye ulemavu juu ya baiskeli za magurudumu matatu, tukizungusha pedali kwa mikono, magunia yamepangwa nyuma, tukivuka kati ya Kenya na Uganda. Kazi hii ni ya miaka mingi, tangu kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018. Wafanyabiashara walitutafuta kwa kuwa baiskeli zetu hubeba mzigo mkubwa, na pia kwa kuwa mpakani tulionewa huruma. Huruma hiyo imetulisha, siikani. Lakini anayekuonea huruma kila siku huzoea kukuona mdogo.

Mimi nilipata polio nikiwa mtoto. Siku moja nilikwenda kununua maharagwe kwenye duka la jumla upande wa Uganda. Kabla sijafungua kinywa, mwenye duka akaniwekea sarafu mapajani.

"Chukua mama, Mungu akusaidie."

"Asante baba, lakini nimekuja kununua. Nipimie kilo hamsini."

Nikaiweka sarafu yake juu ya mizani, nikahesabu pesa zangu. Usiku nilikosa usingizi, nikijiuliza usoni pangu pana nini hata watu waone ombaomba. Mwenzangu wa baiskeli ndiye aliyeniondolea mzigo ule: "Dada, aliyekosea ni yeye. Wewe ulienda na pesa."

Mwaka 1989 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jennifer Crocker na Brenda Major, walichapisha makala kuhusu namna watu wanaodharauliwa wanavyoendelea kujithamini. Walieleza njia tatu. Ya kwanza ni kutambua kwamba ubaya umetokana na chuki ya anayekudharau. Ya pili ni kujilinganisha na wenzako wa hali moja. Ya tatu ni kuyaona kuwa hayana thamani mambo ambayo kundi lako halifanikiwi kwayo.

Ya kwanza nilipewa na mwenzangu yule. Ya pili naiishi kila jioni tunapohesabu mapato: siku yangu naipima kwa siku ya wenzangu, wala simtazami mwenye lori. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitia hofu.

Dada yangu ameolewa Tororo. Binti yake anatembea kwa magongo. Likizo iliyopita aliniambia, "Mama mdogo, hesabu hazina maana kwangu. Watu kama sisi tunafaa biashara tu." Kumbe kila akiitwa ubaoni darasa zima hucheka, kwa sababu anachukua muda kufika. Ameona afadhali aseme ubao wenyewe hauna maana. Maumivu yamepungua, namwelewa kabisa, lakini ni sawa na kumwachia mnyang'anyi shamba ili asikutukane tena. Na hiyo biashara anayoitaja inataka hesabu! Kutwa nabadilisha shilingi za Kenya na za Uganda. Asiyejua kugawanya hurudi nyumbani na hasara.

Nilimwambia aende ubaoni, achukue muda wote anaohitaji, na kicheko awaachie wenyewe. Ila ni dhuluma kumtwika mtoto peke yake kazi hii ya kulinda moyo wake. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 35, inampa haki ya kuheshimiwa, na inaitaka serikali pamoja na jamii kuchukua hatua ili vipaji vyake vikue. Ile ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inakataza hata kumwita mwenye ulemavu kwa namna ya kumdhalilisha. Mwalimu anayenyamaza darasa likicheka anavunja ahadi hiyo ya heshima mbele ya watoto arobaini, na watoto hao hujifunza kutokana na ukimya wake.

Dada yangu na shemeji wamekwisha kuomba kukutana na mwalimu wa binti yao. Wanataka mambo mawili: dawati la binti lisogezwe mbele karibu na ubao, na kicheko kikomeshwe papo hapo kinapoanza. Wasiposikilizwa, muhula ujao nitakwenda Tororo mimi mwenyewe.