Njia ya Theluji Ina Wenyewe



Juma lililopita mama mmoja wa Mji wa Kale alinijia na simu mkononi, akaniketisha barazani, akanionyesha video aliyotumiwa na mwanawe anayesoma chuoni Minnesota, Marekani. Kijana ana miaka kumi na tisa. Amepanda chombo mfano wa pikipiki isiyo na magurudumu: mbele kina miguu miwili ya kutelezea, nyuma mkanda mpana wenye meno. Anakwenda mbio juu ya uwanja mweupe usio na mwisho, kichwa wazi, skafu ikipepea shingoni. "Yeye anacheka," akasema yule mama, "nami silali. Nimkataze?"

Alinichagua mimi kwa kuwa niliwahi kuishi Minneapolis miaka minane, nikaizoea theluji kwa kadiri mtu wa pwani anavyoweza kuizoea. Siku ile nilimjibu kwa mkato. Leo namjibu kwa urefu, kwani si yeye peke yake mwenye mwana au mjukuu katika nchi zile za baridi.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya theluji, na kabla hatujakilaumu ni vyema tujue kilikotoka. Fundi mmoja wa Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Canada, aitwaye Joseph-Armand Bombardier, alikuwa akijaribu tangu ujana wake kuunda gari litakaloweza kupita thelujini. Zama hizo barabara za mashambani zilifunikwa, na gari la kawaida likawekwa bandani hadi baridi iishe. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili alishikwa na maradhi ya kidole tumbo. Hospitali ilikuwa mbali, njia zimefungwa na theluji, na mtoto akafariki. Baba hakuiacha tena kazi ile. Mwaka 1937 alipata hataza ya mkanda unaozungushwa na gurudumu la meno, akaanza kuuza gari la theluji la abiria saba. Magari yake yakabeba madaktari, wagonjwa, barua na watoto wa shule. Kile chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, mfano wa alichopanda kijana wetu, kilitoka mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo. Kwa hiyo kitu kilichosukumwa na msiba wa mzazi ndicho leo kinachowanyima wazazi usingizi.

Sasa tuje kwenye njia, maana hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Minnesota ina zaidi ya kilomita 35,000 za njia za pikipiki hizi. Anayezitazama hudhani ni barabara za serikali, ambazo kila mtu ana haki nazo. Kumbe sehemu kubwa hupita katika mashamba na misitu ya watu binafsi walioridhia tu kwamba, msimu wa theluji, majirani wapite. Vyama vya waendeshaji, wengi wao wakijitolea, ndivyo vinavyokata matawi, kuweka vibao na kulainisha njia kwa trekta maalumu, mara nyingi usiku watu wamelala. Theluji ikiyeyuka, mkulima hulirudia shamba lake.

Chini ya ule weupe pengine mna mimea iliyolala ikingojea jua. Kijana mmoja akiacha vibao akakata katikati ya shamba ili awaonyeshe wenzake ujuzi, mwenye shamba ana haki ya kufunga lango mwaka ujao, na lango moja likifungwa njia nzima baina ya miji miwili hukatika. Hakuna wa kumshitaki mkulima, mali ni yake. Adabu ndiyo kodi ya njia ile, na anayekataa kuilipa humtoza kila anayekuja nyuma yake.

Nilijifunza haya kwa miguu. Asubuhi moja ya Januari nilikuwa nikitembea na wanangu wawili kando ya njia ya namna hiyo, nje ya mji, tukasikia mngurumo nyuma ya miti. Nikawavuta kando, moyo ukinidunda. Mpanda wa mbele alipotuona alipunguza mwendo hadi karibu kusimama, akainua mkono wa kushoto na vidole vitatu. Sikumwelewa. Kisha wakapita wengine watatu, polepole, wakiacha nafasi baina yao, na wa mwisho akainua ngumi iliyofumbwa. Mwenyeji wetu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba vidole ni hesabu ya walio nyuma, na ngumi maana yake hakuna mwingine. Kwa ishara mbili tu, mama mgeni alijua lini awaachie watoto mikono.

Ishara zote hutolewa kwa mkono wa kushoto, kwani kidole gumba cha kulia hakiachi mafuta. Mkono ulionyooshwa ubavuni ni kugeuka kushoto; uliokunjwa kiwiko, kiganja kikielekea juu, ni kulia; ulioinuliwa wima juu ya kichwa ni kusimama. Waendeshaji hushika upande wa kulia, hasa kwenye kona na vilele vya milima, ambako huwezi kujua nani anakuja. Njia nyingine huwa na watembea kwa miguu na watelezaji wa mbao, na hao hawana injini ya kuwaokoa, hivyo mwenye injini ndiye anayepisha. Akitaka kupiga picha, atoke njiani kwanza. Na apitapo karibu na nyumba za watu apunguze kelele, khususan usiku.

Sheria nayo ipo. Huko Minnesota, mkazi yeyote aliyezaliwa baada ya mwaka 1976 hana ruhusa ya kuendesha mpaka apitie mafunzo ya usalama, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 80 kwa saa. Helmeti ni lazima kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana wetu ana kumi na tisa. Sheria imemwachilia kichwa chake, lakini sidhani kama mama yake amemwachilia.

Lililonitia hofu katika video ile, hata hivyo, halikuwa kichwa wazi. Ulikuwa ule uwanja wenyewe. Mahali palipo tambarare namna ile, bila mti wala ua, aghalabu ni ziwa lililoganda. Wataalamu wa Minnesota wanasema mtu wa miguu ahitaji barafu safi ya unene wa sentimita 10, na pikipiki ya theluji kati ya 13 na 18. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu, yataka unene maradufu. Tena unene haulingani ziwa zima: penye chemchemi, au mto unapoingia, juu pakavu na chini maji yanatembea. Wavuvi wetu wanaojua mkondo ulipo bila kuuona wangeelewa hili mara moja. Aliyetumbukia hugeukia upande alikotoka, maana ile barafu ilimbeba hadi pale; hupiga miguu, hujivuta juu kwa tumbo, kisha hubiringika. Akisimama, itavunjika tena.

Na usiku ni jambo jingine. Taa ina kikomo, na anayekwenda mbio kupita mwanga wake huona gogo wakati hawezi tena kusimama. Vituo vingi vya kupumzikia njiani ni mabaa, na ulevi hutajwa mara kwa mara katika ajali za kuua. Kijana wetu hanywi, namjua. Lakini anayekuja upande wa pili simjui.

Neno moja kwa mabinti walioko huko, kwa sababu nao hualikwa. Vazi la thelujini ni la sitara, laficha tangu shingo hadi kifundo, hapo hamna mashaka. Hatari ni ncha zinazoning'inia. Mtandio mrefu, skafu, pindo la buibui, vyote vyaweza kunaswa na mkanda unaozunguka. Vaeni kilemba chepesi kinachobana chini ya helmeti, na ncha zote ziingizwe ndani ya koti.

Basi sikumwambia yule mama akataze. Mwana wa umri ule akikatazwa kwa simu hupanda vilevile, ila video haziji tena. Tuliandika pamoja maswali matatu, akamtumia: mafunzo umepitia? Njia ile ni ya nani? Barafu ilipimwa na nani, lini?

Jibu la kwanza lilikuja baada ya saa mbili: bado. La pili: sijui, nitamuuliza rafiki yangu. La tatu lilichelewa hadi usiku wa manane wa huku kwetu. "Mama, hakuna aliyepima."

Jumamosi ile hakwenda. Amejiandikisha mafunzo, na mamake anatafuta mtu wa kumpelekea helmeti, ingawa nimemwambia huko zinauzwa kila duka.