Kuandamana Si Kusababisha: Wito kwa Wanakiswahili Kuhusu Lugha ya Tiba

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba mwanafunzi wa fasihi hana shughuli hospitalini. Kazi yake, wanasema, ni riwaya, tamthilia na diwani. Mambo ya figo na mishipa ya damu awaachie wenyewe. Nami nilikuwa miongoni mwao hadi mwaka uliopita, tafsiri yangu ilipokaribia kumwangamiza mjomba wangu. Makala haya yananuia kukieleza kisa hicho na kutoa wito kwa Wanakiswahili wenzangu.

Mjomba ni mkulima wa mahindi viungani mwa Eldoret. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza vidonge vya kuteremsha shinikizo la damu, maradhi ambayo nyumbani sote tunayaita presha. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu kilimvimba na kuwaka moto, hata uzito wa shuka ukamshinda kuuvumilia. Jirani mmoja alisema ni baridi yabisi. Mwingine akanong'ona kwamba amekanyaga kitu kilichotegwa. Katika zahanati aliyokwenda alipimwa damu, akapewa dawa ya maumivu na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akaniletea. "Wewe ndiwe msomi wa lugha," alisema, "hebu nisomee."

Karatasi ilieleza mambo matatu: kwamba asidi ya yuriki katika damu yake imezidi kiwango, kwamba ana ugonjwa ambao kamusi zetu huuita jongo, na kwamba asidi hiyo inapozidi huandamana na shinikizo la juu la damu. Neno jongo halikunijia. Na pale palipohitaji "huandamana", mimi nilisema "husababisha". Mjomba akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri: ikiwa asidi ndiyo iletayo presha, na nyama ndiyo iletayo asidi, basi aachaye nyama ameyaponya yote mawili. Akaacha nyama, na vidonge vya presha akaviacha pia. Baada ya wiki sita alianguka shambani, kichwa kikimgonga na macho yakiona kiwi. Alipopimwa, kipimo cha juu kilikuwa kimepita 200. Mungu alimnusuru, lakini mimi sijaisahau sauti ya shangazi akiniuliza kwenye simu, "Si wewe uliyemwambia?"

Tuutazame basi ukweli wenyewe. Asidi ya yuriki ni takataka ibakiayo mwili unapozivunjavunja purini, ambazo zimo katika seli zetu wenyewe na katika vyakula kama vile nyama, maini, dagaa na bia. Yapata theluthi mbili ya asidi hiyo hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi; binadamu hana. Inapozidi huweza kuganda ikawa fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya viungo, hasa katika kidole gumba cha mguu, na hilo ndilo jongo. Tumezoea kuuita ugonjwa wa matajiri na walafi, ilhali kwa wagonjwa walio wengi chanzo kikuu ni figo kushindwa kuitoa asidi ya kutosha, na urithi una sehemu yake.

Uhusiano wa asidi hii na shinikizo la damu umejadiliwa kwa muda mrefu. Mnamo 1879, Frederick Akbar Mahomed, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliitaja asidi ya yuriki alipokuwa akieleza shinikizo la juu la damu. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba panya waliopandishwa asidi hiyo makusudi walipandwa na shinikizo pia. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusu vijana 30 wenye shinikizo la juu lililogunduliwa karibuni. Walipotumia alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, 20 kati yao walirejea katika kiwango cha kawaida. Walipotumia kidonge kisicho na dawa, alirejea mmoja tu. Hata hivyo, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusu watu wazima wenye umri mdogo, haukuona shinikizo likishuka kwa dawa hiyo. Kwa hiyo wataalamu hawajaafikiana kama asidi ndiyo chanzo, na alopurinoli haijawa tiba ya kawaida ya shinikizo la damu.

Aidha, njia hii inapitika kutoka upande wa pili. Shinikizo la juu huharibu figo, na figo iliyoharibika huizuia asidi mwilini. Hali kadhalika, baadhi ya vidonge vya presha, hasa vile vya kuongeza mkojo kama haidroklorothiazaidi, huipandisha asidi ya yuriki. Losatani, ambayo pia ni dawa ya presha, huishusha kidogo. Vidonge vya mjomba vilikuwa vya aina ile ya kwanza. Alichohitaji ni kumuuliza daktari kama vinaweza kubadilishwa, na ndivyo ilivyofanyika hatimaye. Kuuliza si ujinga. Lakini mtu huulizaje jambo ambalo hajapewa maneno yake?

Hapa ndipo Mwanakiswahili anapoingia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuvichanganua vitenzi "panda" na "pandisha", akakionyesha kiambishi cha kutendesha na kupata alama zake. Kwamba shinikizo na asidi hupanda pamoja ni jambo moja. Kwamba asidi hulipandisha shinikizo ni jambo jingine kabisa. Katika mtihani tofauti hiyo ina thamani ya alama mbili. Kwa mjomba ilikuwa na thamani ya uhai.

Upungufu hauko katika vitenzi peke yake. Tunaposema mtu "ana presha", tunafanya ionekane kwamba mwenye afya hana, ilhali kila aliye hai anayo. Ndiyo maana kidonge kinapoishusha, mgonjwa husema "presha imekwisha" na kuacha dawa. Wanaoiita asidi ya yuriki "asidi ya mkojo" nao humfanya mgonjwa ashangae kwa nini anadungwa sindano ya kutoa damu. Na jongo, neno zuri na fupi, limelala kamusini huku wagonjwa wakiambiwa wana baridi yabisi, ambayo ni jambo jingine.

Yupo atakayesema kwamba kueleza ugonjwa ni wajibu wa daktari. Nakubali. Lakini daktari huyo amefunzwa kwa Kiingereza, na sisi hatujamwandalia lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Hao si wachache wa kuachiwa kubahatisha.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama chetu kiunde kamati ya pamoja na wanafunzi wa udaktari wa hapa Eldoret, itunge maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu maradhi ya kawaida, na kila neno lijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa. Pili, wahadhiri wetu wazipokee tasnifu zinazochunguza matini za tiba kwa heshima ileile wanayozipa tasnifu za riwaya.

Mimi nimeanza na karatasi ya mjomba. Nimeiandika upya kwa Kiswahili, daktari ameisahihisha mara mbili, na mjomba ameisoma mwenyewe bila kuniita.