Tamko: Aliyeanzia masjala apewe njia ya kufika makumbusho

Sisi watunza kumbukumbu, nyaraka na makumbusho, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili katika majuma yaliyo kati ya Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, 18 Mei, na Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, 9 Juni. Tunalielekeza kwa waajiri, kwa vyuo vinavyotuandaa, na kwa vijana wanaoingia katika kazi hii mwaka huu.

Tuanze na linalotuuma. Katika ofisi nyingi masjala bado ni mahali pa kumpeleka mtumishi aliyekosana na wakubwa, au aliyebakiza miezi michache astaafu. Kijana mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu hupokelewa, huonyeshwa makabati ya majalada, na tangu hapo hakuna anayemuuliza anataka kujifunza nini. Miaka inapita, bado anafungua majalada na kuandika namba za folio. Kazi hiyo ina heshima yake, kwani jalada lililofunguliwa ovyo leo litamsumbua kila atakayelitafuta baadaye. Lakini kumfungia mtu humo maisha yake yote ni kuinyima nchi mtaalamu inayemhitaji sana.

Mahitaji hayo si ya kufikirika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Majimaji, Songea, akaomba radhi kwa waliyotendewa wazee wetu katika vita vya 1905 hadi 1907. Aliahidi ushirikiano katika kurejesha mali za kitamaduni na mabaki ya wafu, na akagusia kutafutwa kwa fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Tangu siku ile tunajiuliza swali la kikazi: kwa upande wetu, nani atafanya kazi hiyo? Kitu kilichomo katika ghala la makumbusho ya Ulaya hakirudi kwa hotuba. Lazima mtu aonyeshe kilichukuliwa wapi, lini, na nani, na kwa njia gani. Ushahidi atautafuta katika daftari la makumbusho huko kilipo, na pia katika majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko hapa Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ndani yake mna kurasa zilizoandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo haisomi bila kufundishwa. Tunataka Watanzania wafundishwe kuisoma, wawe wengi, na walipwe kama wataalamu.

Mtu huyo ni mtunza nyaraka au ni mhifadhi wa makumbusho? Anapaswa kuwa vyote viwili, na hapo ndipo mfumo unapomkwamisha. Nyaraka za Taifa ziko chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi. Makumbusho ya Taifa yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mtumishi anayetaka kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili asilazimike kuanza upya kama mgeni. Tunaomba pande hizo mbili zikubaliane kubadilishana watumishi kwa miezi sita au mwaka, na muda huo uhesabiwe katika kupandishwa cheo.

Tunawaomba waajiri pia waangalie ujuzi ambao mtumishi anao tayari na hakuna aliyewahi kumuuliza. Miswada na vitabu vya Kiarabu vilivyohifadhiwa Zanzibar vimo katika rejista hiyo hiyo ya UNESCO tangu mwaka 2003, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa pwani aliyesoma chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani tayari anazijua herufi hizo. Akipewa mwalimu wa hati za zamani, baada ya muda ataweza kueleza yaliyomo katika mswada uliokaa kwenye rafu bila maelezo. Huyu huyu leo anaweza kuwa anagonga mihuri ya barua zinazoingia.

Kazi ya mikono nayo imesahauliwa. Ukurasa uliochanika hutengenezwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, na mtu hujifunza hilo kwa kukaa kando ya fundi na kurudia mpaka mkono uzoee. Asiyefundishwa hubandika selotepu kwa nia njema, na doa lake la manjano hubaki. Kuna pia kuokoa vitu wakati wa maafa. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Miezi minne baadaye moto ukaunguza Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na maji yakaingia hadi kwenye maghala ya chini. Kila taasisi iwe na watu wanaojua karatasi iliyolowa ifanyiwe nini kabla haijaota ukungu, na wawe wamefanya mazoezi.

Kwa vyuo, kuanzia Chuo cha Utumishi wa Umma hadi idara za akiolojia na urithi katika vyuo vikuu, tunasema: mwanafunzi wa kumbukumbu aingie ghala la makumbusho, na wa makumbusho akae masjala. Mafunzo kwa vitendo yasiishie kwenye mashine ya fotokopi.

Kwa wenzetu waliokaa sana kazini, tunasema kwa heshima yote: orodha ya ghala isiwe kichwani mwenu peke yenu. Mnapostaafu, kijana aliyebaki ajue kila kitu kilipo na kwa nini kiliwekwa hapo.

Nanyi vijana, anzeni kwa kuijua vizuri Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, kisha chagueni ujuzi mmoja wa ziada na muufuatilie kwa miaka: lugha, ukarabati, upigaji picha wa nyaraka, au uandishi wa maelezo ya maonyesho. Skana ni chombo kizuri, lakini picha elfu za kurasa zisizo na maelezo hazimsaidii mtafiti.

Chama chetu kitamuunganisha kila mwanachama mpya na mwenzake mzoefu kutoka taasisi tofauti na yake. Tunaomba kukutana na viongozi wa pande zote mbili tulizozitaja kabla ya bajeti ijayo, tukiwa na mapendekezo ya maandishi kuhusu kubadilishana watumishi na kuhusu mafunzo ya kusoma hati za zamani.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.