Dafu, Koroma na Nazi: Juu ya Kuwapima Chipukizi wa Hoki ya Barafuni

Jioni ya tarehe 7 Julai 2022, mjini Montreal, katika ukumbi uliojaa mashabiki wa klabu ya mji ule, jina la Juraj Slafkovský, kijana wa Košice katika nchi ya Slovakia, mwenye umri wa miaka 18 na miezi mitatu, liliitwa kabla ya majina yote ya chipukizi wa hoki ya barafuni wa mwaka huo. Na tangu saa ile watu wakaanza kumhukumu. Wengi walikuwa wametaraji kusikia jina la Shane Wright, Mkanada aliyenenwa tangu ana miaka 15 kuwa ndiye wa kwanza katika rika lake, naye akaachwa hata akachukuliwa wa nne na klabu ya Seattle. Msimu uliofuata Slafkovský alicheza mechi 39, akapata pointi 10, akaumia goti mwezi wa Januari, wala hakurudi tena uwanjani mpaka msimu ukaisha. Ikasemwa kila mahali kwamba klabu imepotea njia. Mimi sibishani na hesabu ile, kwa maana pointi 10 ni pointi 10. Nabishana na saa iliyochaguliwa kuhesabia, kwa sababu kumpima kijana kabla ya wakati wake ni dhuluma, hata kama mpimaji hakukusudia kudhulumu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ambao makao yake katika Afrika Mashariki ni machache mno, ukiutoa ule uwanja mdogo wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ambako vijana wa Kenya walijifunza hata nchi yao ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024, yafaa nieleze kaida ya uteuzi. Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, klabu 32 kila mwaka baada ya msimu hupokezana kuteua chipukizi kwa raundi saba, majina 224 kwa jumla, zilizo dhaifu zikitangulia aghalabu na zenye nguvu zikifuata. Na kijana huingia katika hesabu hiyo kwa mara ya kwanza akiwa atatimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka ule. Klabu ikishamtaja, haki ya kumwajiri katika ligi ni yake. Kwa hiyo mchunguzi wa vipaji, aliyekesha barabarani katika theluji ya Saskatchewan ili amwone mtoto wa shule akicheza dakika 18, hutakiwa aseme mtoto huyo atakuwa mtu gani atakapofika miaka 25.

Sisi watu wa pwani tuna jambo la kuwaambia wachunguzi hao, nalo limo ndani ya lugha yetu. Tunda la mnazi hatuliiti kwa jina moja: huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi, na kila jina lina wakati wake na matumizi yake. Koroma ndilo lenye mtihani. Maji yake yamekwisha kupungukiwa na utamu wa dafu, na nyama yake haijakomaa ikatoa tui zito. Anayelipasua akitaka kunywa hujuta, na anayelipasua akitaka kukuna hujuta vilevile, wala tunda halina taksiri. Kijana wa miaka 18 katika hoki ni koroma. Miongoni mwa wenzake wa umri mmoja amekwisha kuwazidi kiasi kwamba mabao anayoyafunga hayamfunzi kitu tena, na miongoni mwa watu wazima mabega yake bado hayahimili kubamizwa ukutani na mtu wa kilo 100.

Kosa hili la wakati huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Nenda alfajiri ya Jumamosi katika uwanja wowote wa mtaa huko Ontario, uketi kwenye viti vya ubao vilivyoshika baridi, uwatazame watoto wa miaka tisa: yule wa Januari na yule wa Desemba wameandikwa katika daftari moja, kwa kuwa rika la michezo Kanada huhesabiwa toka Januari mosi, na hali baina yao pana takriban mwaka mzima wa kula, kulala na kukua. Wa Januari hukifikia kisahani cha raba kwanza kwa kuwa hatua yake ni ndefu. Kocha humwona, akampa dakika nyingi barafuni. Dakika zikampa ustadi. Ustadi ukampeleka katika timu ya wateule, penye mwalimu bora na mechi zaidi. Na afikapo miaka 17, mwezi aliozaliwa umekwisha kugeuka kipaji machoni pa watu. Mwanasaikolojia Roger Barnsley wa Kanada na wenzake walilitangaza jambo hili mwaka 1985, na ungetaraji kwamba klabu zenye fedha zingejirekebisha upesi. Hazikujirekebisha. Mwaka 2013 Robert Deaner, Aaron Lowen na Stephen Cobley walichungua teuzi za tangu 1980 hadi 2006, wakaona kuwa waliozaliwa katika rubu ya kwanza ya mwaka walikuwa zaidi ya thuluthi ya walioteuliwa wote, na wa rubu ya mwisho hawakufika hata sudusi. Lakini wale wa nusu ya pili ya mwaka, ambao walitajwa nyuma ya stahili yao, walikuwa na nafasi takriban maradufu ya wa rubu ya kwanza kufika mechi 400 au pointi 200 katika ligi kuu. Yaani walionunuliwa kwa rahisi ndio waliokuwa na thamani zaidi, na soko likaendelea kuwapita.

Siku hizi imezuka mizani mipya, nayo si ya kudharauliwa. Wako wanahesabu wanaochukua pointi za kijana katika ligi ya Finland, au ya Ontario, au ya vyuo vya Marekani, wakazigeuza kwa kadiri ya ugumu wa kila ligi ili wote wasomeke kwa kipimo kimoja, kisha wakatazama umri wake kwa miezi badala ya miaka, na dakika alizochezeshwa, na aliocheza nao ubavuni. Hayo ni maarifa ya kweli, na yamewaokoa wengi waliokuwa wakikataliwa kwa ufupi wa kimo tu. Lakini hata mizani hiyo hupima kilichowekwa juu yake siku ile. Slafkovský, katika majira mamoja ya baridi, alipata pointi 10 tu katika mechi 31 akiwa na klabu ya TPS ya Turku, na papo hapo akafunga mabao saba katika Olimpiki ya Beijing, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, na Slovakia ikapata shaba. Yupi kati ya hao wawili ndiye Slafkovský? Wote wawili, na ndiyo maana ya koroma.

Liko neno jingine ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Anayepima mvua haizidishi wala haipunguzi. Lakini anayempima kijana humtia mkono katika kukua kwake. Alexandre Daigle, aliyeteuliwa wa kwanza na Ottawa mwaka 1993, alipewa msimu baada ya msimu athibitishe sifa aliyokuwa ametangaziwa, kwa kuwa klabu haikutaka kukiri kwamba imekosea. Ilhali Martin St. Louis, kijana wa Québec mwenye kimo kifupi, hakutajwa na klabu yoyote katika uteuzi wowote, akasoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Vermont, akapokelewa Calgary na kuachwa mwaka 2000, akaenda Tampa Bay, na katika msimu wa 2003–04, akiwa na umri wa miaka 28, akaongoza ligi nzima kwa pointi 94, akachaguliwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote, na klabu yake ikatwaa kombe. Watu humtaja St. Louis kama muujiza. Mimi humfikiri kama shahidi, kwani yeye alikuwa na ukaidi wa kungoja miaka ile yote, na hatuna daftari lenye majina ya wale waliokuwa sawa naye kwa mguu na kwa akili, ila hawakuwa na ukaidi wake, au hawakuwa na mtu wa kuwalisha walipokuwa wakingoja.

Klabu iliyojua kungoja ilikuwa Detroit. Mchunguzi wake wa Ulaya, Håkan Andersson, alikwenda Urusi kumtazama mlinzi mmoja aliyekuwa akisifiwa, macho yake yakavutwa na kijana mwingine, mwembamba, Pavel Datsyuk, ambaye klabu zote zilikuwa zimempita katika teuzi zilizotangulia. Detroit ikamtaja mwaka 1998, wa 171, akiwa karibu miaka 20, ikamwacha kwao akomae, akafika Marekani mwaka 2001. Mwaka uliofuata uteuzi wake wakamtaja Henrik Zetterberg wa Sweden, wa 210, naye hakuvuka bahari mpaka 2002. Mwaka 2008 wawili hao waliinua kombe pamoja, na Zetterberg akawa mchezaji bora wa mechi za mwisho. Husemwa kuwa Detroit walikuwa na bahati, na bahati ilikuwapo, maana kama wangalijua thamani ya Datsyuk wasingalimwacha hadi nafasi ya 171. Busara yao ilikuja baada ya uteuzi: walipokwisha kumpata kijana hawakumpasua kabla ya nazi kukomaa.

Ndipo narudi Montreal, ambako majaliwa yalikutanisha mambo mawili. Kocha aliyekabidhiwa Slafkovský, yule wa kwanza kati ya wote, alikuwa ni huyo huyo Martin St. Louis, asiyetajwa na mtu. Vuli ya 2023, mabao yalipokuwa hayaji, wengi walitaka kijana ateremshwe ligi ya chini akajijenge. Shauri lile halikuwa la kipuuzi. Huenda hata mimi ningaliunga mkono. Kocha alimbakisha, akampandisha mstari wa kwanza pamoja na Nick Suzuki na Cole Caufield, na msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 20 na pointi 50. Jack Hughes wa New Jersey, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2019, alisemwa vivyo hivyo alipopata pointi 21 katika mwaka wake wa kwanza. Miaka mitatu baadaye alipata 99, rekodi ya klabu yake.

Sasa swali la hadhara, linalozuka na kuzama kila baada ya miaka michache, ni hili: je, umri wa kuteuliwa uongezwe kutoka 18 kuwa 19? Hapo zamani ulikuwa 20. Uliteremshwa mwaka 1979 na 1980, wala haukuteremshwa kwa kuwa watoto walikuwa wamekomaa; sababu yake ni ushindani wa ligi ya WHA, iliyoanza kuajiri vijana wadogo, na mahakama ya Marekani, ambayo mwaka 1977, katika shauri la Ken Linseman, ilizuia kanuni ya WHA yenyewe ya kumkataa mchezaji kwa kuwa hajafika miaka 20. Ni vyema likumbukwe, kwa sababu wako wanaoinena miaka 18 kana kwamba ni kanuni ya maumbile.

Naunga mkono kuongezwa mwaka mmoja. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akaikosa hesabu ya 2015 kwa siku mbili. Mwaka huo aliocheleweshwa akautumia Zurich, akicheza na watu wazima, na alipoteuliwa wa kwanza mwaka 2016 alifunga mabao manne katika mechi yake ya kwanza. Sidai kwamba siku mbili zile ndizo zilizomfanya Matthews. Nadai kwamba mwaka ule haukumdhuru, na kwamba klabu zilimwona vizuri zaidi. Tangu Agosti 2025 vyuo vya Marekani vimewafungulia mlango vijana waliocheza ligi za Kanada, mlango uliokuwa umefungwa kabisa, hivyo kijana wa miaka 18 aliyewazidi wenzake ana mahali pengine pa kwenda kujifunza kuliko kurudi kwa watoto.

Hoja ya upande wa pili naiheshimu, hasa ile moja isiyohusu mabao: mwili wa mchezaji ndio shamba lake, na goti halingoji. Sidney Crosby alipata pointi 102 akiwa na miaka 18; Connor McDavid hakuwa na haja ya kungojeshwa na mtu; na kumwambia kijana wa namna hiyo, pengine mwenye wazazi waliokopa ili kumnunulia viatu na magongo, akae mwaka mzima bila ujira ilhali anaweza kuumia kesho, ni kumtoza deni la makosa ya wengine. Kwa hiyo lile shauri ambalo limewahi kusemwa, la kuacha raundi ya kwanza iwe wazi kwa wenye miaka 18 na raundi nyingine zianzie 19, naona ndilo lenye insafu zaidi, kwa kuwa walio tayari huonekana mapema na ni wachache, na giza la kupima limo katika wale mia na tisini na zaidi wanaofuata.

Tarehe 1 Julai 2024 Slafkovský alitia saini mkataba mpya na Montreal wa miaka minane, dola milioni 60.8. Alikuwa na umri wa miaka 20 na miezi mitatu. Kwa kaida iliyokuwapo kabla ya 1979, hayo ndiyo majira ya kiangazi ambayo jina lake lingesomwa katika uteuzi kwa mara ya kwanza.