Dini Nayo Yataka Watafiti

Kila Jumapili, katika viwanja vya Johannesburg, utawakuta waumini wa makanisa huru ya Waafrika yaitwayo ya Kizayuni, waliovaa kanzu nyeupe wakisali chini ya miti. Mwenye haraka huwapita. Mtafiti husimama, akauliza.

Wazazi wengi hudhani anayesomea dini anataka kuwa padri au shehe. Sivyo. Katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, Profesa Farid Esack, Mwislamu aliyepambana na ubaguzi wa rangi, alifundisha Uislamu kama taaluma ya kuchunguzwa na yeyote, wa imani yoyote. Ni Johannesburg hiyohiyo iliyotoa Waraka wa Kairos mwaka 1985, wanatheolojia walipoukana hadharani ufasiri wa Biblia uliotumika kuhalalisha utawala wa makaburu. Ujasiri ule ulihitaji usomi. Hasira peke yake isingetosha.

Kitabu mashuhuri cha mwaka 1948 kuhusu makanisa huru ya Waafrika wa Afrika Kusini kiliandikwa na Mswidi, Bengt Sundkler, aliyekuja kuwa askofu Bukoba. Tunamshukuru. Lakini inauma kwamba hata leo mengi kuhusu ibada zetu tunayasoma kwa macho ya wageni.

Kwetu Afrika Mashariki wahubiri wapya huibuka kila mtaa, na wasomi wa kuwachunguza kwa haki ni wachache. Tunaviomba vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vifadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu waende kusomea dini Johannesburg, na viwape muda wa kutosha uwandani.