Dere akikata kona, vekta ndizo zinaamua

Wengi wetu tukisikia "vekta" tunasema hayo ni ya mainjinia. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini hiyo stori siinunui.

Toka tao kwa Uhuru Highway, uingie Waiyaki Way hadi Westlands. Juu yako kuna Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo, iliyofunguliwa 2022. Kwenye ramani, njia hizi mbili zimelaliana. Kinachozitenganisha ni nambari ya tatu: kimo. Sasa andika nambari tatu kwa kila sekunde ya safari: umeenda mashariki kiasi gani, kaskazini kiasi gani, juu kiasi gani. Hiyo ndiyo fankisheni ya vekta. Zinavyobadilika ndiyo kasi. Kasi inavyobadilika ndiyo mchapuko.

Na hapo ndipo maisha yako yanaingia. Kwenye kona, hata spidi ikibaki ileile, mwelekeo unabadilika, kwa hivyo mchapuko upo. Dere akitoka 40 hadi 80 kwenye kona ileile, nguvu ya kulishikilia gari inatakiwa iwe mara nne, si mara mbili. Nguvu hiyo hutoka sana kwa matairi, na tairi kipara kwenye lami yenye maji haliwezi kuitoa. Injinia anaweza kulainisha mkunjo wa barabara. Mguu wa dere hawezi.

Walimu, lifundisheni somo hili na barabara zetu. Nawe abiria, ukisema "dere, punguza," usione haya. Hiyo si uoga, ni hesabu.